Kuhesabu Kutoka Mkiani

Mkunga hakuwa na uso. Alikuwa ukuta wa chuma, mrefu kama viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa, na nyuma yake, katika baridi ambayo ingemgeuza mtu jiwe kwa pumzi mbili, vililala vitovu milioni sitini na moja. Kila mtoto aliyezaliwa nchini tangu mwaka 2081 alikuwa na kichupa chake humo, kinene kama kidole cha mwisho, chenye damu iliyokamuliwa kutoka kitovuni siku alipokatwa. Ukiungua ini, ukikauka uboho wa mifupa, ukipofuka, damu ile ya siku yako ya kwanza ilikuzwa hospitalini na kukurudishia ulichopoteza.

Asubuhi ile ya Alhamisi, wageni arobaini kutoka nchi sita walikuwa wamesimama mbele ya dirisha la tano la Bohari ya Vitovu, jijini Igunilo. Minza Ng'wandu, fundi wa kutunga maswali anayoulizwa Mkunga, alisogea dirishani.

"Kashinje Maduhu," alisema.

Nyuma ya ukuta mkono wa chuma ulishuka ghorofa kumi na nne, ukazunguka, ukapanda. Kichupa kikatua dirishani kikifuka moshi mweupe. Wageni walitazama saa zao. Sekunde nne.

"Vitovu milioni sitini na moja," mgeni mmoja alisema, "kwa jina tu?"

"Kwa jina tu. Na hamtasikia hapa neno hata moja la Kiingereza. Uzi, kipande, mpaka, swali, rafu. Mtambo huu ulifikiriwa kwa Kiswahili tangu msumari wa kwanza."

Aliwaonyesha kwenye kioo. Kila raia alikuwa na uzi wake, yaani mstari mmoja wa maandishi wenye vipande vinne: jina lake, jina la baba, mahali alipozaliwa, na namba ya rafu kilipolala kitovu chake. Kati ya kipande na kipande palikuwa na alama ya mpaka, ritifaa, kile kikoma kidogo kinachoelea juu ya mstari.

Kashinje'Maduhu'Igunilo'70412

"Mkunga akipewa jina huutafuta uzi wenyewe," alieleza, "kisha huukata penye mipaka, huhesabu, moja, mbili, tatu, nne, na kipande cha nne hukipeleka kwenye mikono. Kazi yake ni kukata. Ndiyo maana tukamwita Mkunga."

Walipiga makofi. Minza alikuwa amefanya onyesho lile kwa miaka kumi na miwili na hakuwahi kuchoka kulifanya. Hakupitia chuo. Alijifunza nyuzi kwa kuzisoma usiku na mchana kwenye kompyuta chakavu ya ofisi ya kijiji, huko Ntuzu, na watu wenye vyeti vya ukutani walikuwa wakimfuata awafungulie maswali yaliyowakwama.

Wageni walipoondoka alirudi dirishani peke yake. Mfukoni alikuwa na karatasi ya hospitali. Mdogo wake wa kike, Nyanzobe, mchomeleaji wa kituo cha anga, alikuwa ameshushwa wiki iliyopita baada ya jua kutema mionzi wakati yeye yuko nje anaunga bomba. Uboho wake ulikuwa umekwisha. Wa Minza ulipimwa ukakataa kulingana. Daktari alisema siku sita, na akasema bila wasiwasi, kwa sababu Nyanzobe alizaliwa mwaka 2085. Kitovu chake kipo, wakichukue tu.

"Nyanzobe Ng'wandu," Minza alisema.

Mikono haikusogea. Sauti ya Mkunga, sauti tulivu ya mwanamke wa pwani, ikasema: "Kitovu hakikuhifadhiwa. Waulize wazazi wako."

Alirudia mara tatu. Mara tatu aliambiwa awaulize wazazi wake.

*

Mkurugenzi wa Bohari, Daktari Mwamvua Pazi, alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tano, Mzaramo, na kati yake na Minza utani ulikuwa wa kila siku.

"Mwangaluka, mtani. Mbona uso umeukunja, ng'ombe wamekufa?"

"Ng'wangaluka," Minza alijibu, akiivuta salamu ile kama inavyosemwa kwao Usukumani. "Mkunga anasema mdogo wangu hana kitovu. Baba alikipeleka yeye mwenyewe, kwa miguu, kutoka zahanati hadi kwenye gari la baridi. Nilikuwa na miaka saba, nilikuwa nyuma yake."

Mwamvua alivua miwani. "Ameandikwaje? Kwa ile ng' yenu?"

"Kwa jina lake."

"Basi ni tahajia tu, usiogope." Alifungua droo akatoa karatasi ya kijani. "Hutokea. Mtambo unachanganyikiwa kidogo na majina ya huko kwenu. Asaini hii, Mkunga atamwandikia uzi mpya kwa jina Mwandu, na kabla ya adhuhuri kichupa kiko hospitalini. Tumewasaidia wengi."

Minza aliisoma. Fomu ya Kulainisha Jina. Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba jina langu halisi ni ... na kwamba namna nyingine yoyote ya kuliandika ilikuwa kosa la wazazi wangu.

"Wangapi wamesaini hii?"

"Sijawahesabu. Ni karatasi, mwanangu. Mtu hafi kwa kukosa koma. Tena ninyi Wasukuma mna majina marefu mno, punguzeni kidogo tupate nafasi ghalani."

"Mtani huja na maneno ya namna hiyo msibani," Minza alisema. "Mdogo wangu hajafa."

Mwamvua hakucheka. Lakini karatasi aliiacha mezani, upande wa Minza.

*

Nyanzobe alikuwa nyuma ya kioo cha chumba safi, amenyolewa, mweusi chini ya macho, na kofia yake ya anga imewekwa juu ya kabati kwa kuwa alikataa kutenganishwa nayo. Mbele ya kofia waliomwajiri walikuwa wamechapa NGWANDU. Yeye alikuwa ameongeza ritifaa kwa rangi ya kucha, nyekundu, kubwa kuliko herufi zenyewe.

Alisoma fomu kupitia kioo, kisha akaguna.

"Kosa la wazazi wangu."

"Saini, Nyanzobe. Ukipona tutaichana."

"Dada, wewe umewahi kuona karatasi ya serikali ikichanwa?"

Wote wawili waliijua hadithi ya jina lile kama wengine wanavyojua sala. Babu wa babu yao alipeleka pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuichambua. Karani akamuuliza jina, akamwambia Ng'wandu. Karani akasema hicho kidude cha mwanzo hakiandikiki, akaandika Mwandu, na pamba ikapokelewa kwa jina la mtu ambaye hakuwepo. Shule ikanakili daftari la jineri. Kadi ya kura ikanakili shule. Makaburi yakanakili kadi. Miaka mia na arobaini watu walizikwa chini ya majina ya karani mmoja aliyekuwa na haraka. Hata sheria ya mwaka 2083 ilipowaruhusu wenye majina kuyadai, waliambiwa walete ushahidi, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa daftari lilelile. Baba yao alikaa siku tisa barazani kwa mkuu wa wilaya, anakula alichobeba, mpaka wakachoka kumtazama. Nyanzobe alikuwa mtoto wa kwanza Ntuzu kuandikwa kwa jina kamili.

"Nimeunga mabomba juu ya dunia nzima," Nyanzobe alisema. "Nimelipitisha jina hili juu ya bahari zote. Sasa nikiri kwamba Baba alikosea?"

"Nataka uishi."

"Na mimi nataka. Usinifanye kana kwamba napenda kufa, sipendi hata kidogo, naogopa. Lakini we ndiye fundi. Unawaonyesha Wazungu na Wachina kila Alhamisi. Hebu uonyeshe na kwa ajili yangu."

"Ukipoteza fahamu, mimi ndiye ndugu wa karibu. Nitasaini kwa niaba yako."

"Najua. Na nitakusamehe. Ila usinisomee jina hilo nikiamka."

*

Minza alikwenda chumba cha nyuzi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitunga maswali, lakini amri ya kukata yenyewe ilikuwepo kabla yake, na aliiamini kama mtu anavyoamini sakafu. Sasa aliomba uzi mzima wa Nyanzobe, usiokatwa.

Nyanzobe'Ng'wandu'Ntuzu'33186

Hakuhitaji zaidi ya kuutazama. Aliukata kwa ncha ya kalamu, kama Mkunga anavyoukata, kila penye ritifaa. Nyanzobe, moja. Ng, mbili. Wandu, tatu. Ntuzu, nne.

Kipande cha nne kilikuwa Ntuzu. Mkunga alikuwa akiituma mikono kwenye rafu iitwayo Ntuzu, na kwa kuwa rafu hiyo haikuwepo alimaliza kwa kusema kitovu hakikuhifadhiwa. Kitovu kilikuwa rafu 33186. Kilikuwa hapo miaka thelathini na minne, kinasubiri, mita mia mbili kutoka kiti chake.

Alimwita Mwamvua. Mkurugenzi alisimama mbele ya kioo, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kisha akakaa bila kutafuta kiti, juu ya sanduku la nyaya.

"Mimi ndiye niliyeipendekeza ritifaa," alisema. "Tulikuwa tisa kwenye kamati. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mkato ulikuwemo kwenye anwani, kistari kwenye majina ya ndoa, nukta kwenye vifupisho. Nikasema tutafute alama ambayo haimo katika jina la mtu yeyote. Tukapekua daftari la taifa lote, majina milioni themanini. Ritifaa haikuwemo hata moja. Walinibeba juu juu siku ile."

"Haikuwemo kwa sababu iling'olewa," Minza alisema. "Karani aliing'oa kabla yako. Wewe ulikuta shimo ukadhani ni uwanja."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ng'ombe unamwandikaje, Daktari? Mlipong'ang'ania hoja kwenye vikao vyenu, neno hilo uliliandikaje? Alama iko kinywani mwako kila siku, hukufikiri kuna mtu aliyepewa jina lililo nayo."

Mwamvua alipokea maneno yale bila kujitetea. Akauliza, "Tufanye nini?"

Palikuwa na machache ya kufanya. Kubadilisha alama ya mpaka kulimaanisha kuandika upya nyuzi milioni sitini na moja, kazi ya siku ishirini na moja baada ya kamati kuketi. Kuiambia mikono namba ya rafu kwa mdomo hakukuwezekana. Mikono ilijengwa isimsikie binadamu, ili asije mwenye nguvu akaiba kitovu cha mnyonge. Ilisikiliza kipande alichokata Mkunga, basi. Fundi alikuwa na ruhusa ya kutunga swali, si zaidi.

Siku ya pili ikaisha hivyo, na ya tatu. Siku ya nne hospitali ilipiga simu kusema Nyanzobe ameanza kusinzia katikati ya maneno. Minza aliiweka fomu ya kijani mbele yake na kofia ya kalamu akaivua.

Simu ikalia tena. Alikuwa baba yake, Mzee Ng'wandu, kutoka Ntuzu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na nyuma ya sauti yake ng'ombe walikuwa wakiingia zizini.

"Anaendeleaje?"

"Anapumzika, Baba."

"Usinifiche. Subiri, nisipoteze hesabu." Akawa ananong'ona tarakimu. Minza alisubiri. Ng'ombe wote wa Ntuzu walikuwa na kola zilizojihesabu na kutuma jumla, na wa mzee walikuwa nazo kama wengine, lakini kila jioni alisimama palepale.

"Baba, kola zimeshakuhesabia."

"Kola inaanza na wa mbele. Wa mbele ana haja gani ya kuhesabiwa? Wa mbele wanasukumana, wanapandana, ndama anaingia chini ya mama yake, unahesabu mmoja mara mbili. Mimi nasimama nyuma. Wa mwisho anakuja peke yake, taratibu, namwona vizuri. Nikishampata huyo, ndio natulia. Sasa niambie kuhusu mwanangu."

Minza alikuwa ameshasimama.

"Baba, nitakupigia."

"We mtoto, nimekuuliza..."

"Nitakupigia. Uliyosema, usiyasahau."

Vurugu ilikuwa mbele. Majina ndiyo yaliyokuwa na ng' na ng'w na ng'h, ndiyo yaliyosukumana na kuhesabiwa mara mbili. Hata kijiji kingekuwa na ritifaa, kingekuwa mbele ya namba. Namba ya rafu ilikuwa nyuma ya wote, tarakimu tupu, peke yake, kwenye kila uzi kati ya zile milioni sitini na moja. Kutoka mbele ilikuwa ya nne kwa mmoja na ya tano kwa mwingine. Kutoka nyuma ilikuwa ya kwanza kwa kila mtu.

Aliandika swali jipya, mstari mmoja. Kata penye ritifaa. Anza mkiani. Chukua cha kwanza.

Akaongeza jina.

Nyuma ya ukuta, mkono ulishuka. Ulishuka ghorofa tisa, ukazunguka. Minza alijikuta anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kwenye nne kichupa kilitua dirishani, kimeota sharubu za barafu, na ubavuni mwandiko wa mkunga wa zahanati ya Ntuzu, kwa wino: Nyanzobe Ng'wandu. Ritifaa ilikuwepo. Mkunga yule wa nyama na damu alikuwa ameiandika sawasawa.

Fomu ya kijani aliitumia kufutia maji yaliyodondoka dirishani.

*

Nyanzobe alipoweza kukaa kitandani, wiki tatu baadaye, swali la kwanza aliloliuliza halikuwa juu yake.

"Na wengine?"

Minza alikuwa na jibu tayari. Siku ileile alimrudishia Mkunga majibu yote ya "hakikuhifadhiwa" tangu Bohari ifunguliwe, akamwambia aanze mkiani. Yalikuwa elfu nne mia mbili na nane. Vitovu elfu nne mia moja thelathini na kimoja vilikuwepo. Karibu nusu ya wenyewe walikuwa wamesaini fomu wakapona, wakiwa na majina ya karani. Waliobaki walikataa kusaini, au hawakuambiwa kwamba ipo, au walifika jioni dirisha limefungwa. Wengi wao hawakuwa hai. Na kila mmoja alikuwa ameambiwa, kwa sauti tulivu, awaulize wazazi wake.

Wakubwa wa serikali walitaka barua. Barua fupi, kila mtu kwake, zenye neno "hitilafu". Minza alikataa kuzichapa, na Mwamvua, kwa mshangao wa wakubwa, alikataa kuzitia sahihi.

"Niliyewaambia ni mimi," alisema. Alisema kweli. Sauti ya Mkunga ilikuwa yake, aliyoirekodi ujanani. "Nitawaambia tena mimi."

Kwa siku mbili Minza alikaa naye kwenye chumba cha sauti, wakirekodi majina kwa sauti ya Mkunga.

"Ng'hoboko."

"Ngoboko."

"Mtani, unakula ng'ombe kila Jumapili, leo ulimi umekufa? Anza na ng'ombe, halafu pumua."

"Ng'... Ng'hoboko."

"Haya. Kidogo unakaribia kuwa mtu."

Jumamosi asubuhi ukumbi mkubwa wa Bohari ulijaa hadi barabarani. Mwamvua alisimama mbele, hakusoma hotuba. Alisema kitovu cha kila atakayetajwa kililetwa, kilipokelewa, na kilikuwepo siku alipoambiwa hakipo. Na kwamba kosa lilikuwa la mtambo na la waliouunda, yeye akiwa wa kwanza. Kisha akamwachia Mkunga.

Mkunga alianza kuita. Ng'humbi Ng'wigulu. Kwiyolecha Ng'hwani. Sauti ya pwani ilikuwa ikitua juu ya kila ng' bila kujikwaa, jina zima, halafu rafu, halafu maneno mawili: kitovu kipo. Aliyekuwa hai aliinua mkono. Walioulainisha ukoo wao waliinua mikono kwa majina ya zamani, na wapo waliokuwa hawajayasikia tangu utotoni. Minza alisimama kando ya ukuta, simu mkononi ikimpelekea Nyanzobe kila neno. Katika nchi hii hakuna mtambo uliowahi kusema majina yale. Alitaka jambo lile liendelee hadi jioni.

"Jidayi Ng'hoboko," Mkunga alisema. "Rafu 51907. Kitovu kipo."

Hakuna mkono ulioinuka. Katikati ya ukumbi mwanamke mzee alianza kusimama, taratibu, akijishikilia kwa bega la asiyemjua. Mumewe alikuwa amemfukuza miaka kumi na sita iliyopita, juma la mazishi ya kijana wao, Jidayi, kwa kuwa Bohari ilisema kitovu hakikuhifadhiwa, naye akaamini kwamba mama hakukipeleka. Watu walimpisha, wakidhani anataka kutoka. Hakutoka. Aligeuka, akawatazama watu wote wa ukumbi ule, safu kwa safu, kana kwamba anamtafuta mmoja.

"Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia nilikipeleka."